Masomo ya nyumbani wakati wa Ramadhani, kwa saa za Kisumu

Kila inapoingia Shaaban, kina mama wenzangu msikitini huniuliza swali moja: mwezi ukiandama, mtasimamisha masomo ya watoto au mtaendelea? Tunaendelea. Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kuwafundisha wanangu nyumbani hapa Kaloleni, Kisumu, na katika Ramadhani zote hizo madaftari hayajafungwa. Ila ratiba ya Ramadhani si ile ya Januari, na hilo nililijua baada ya kumliza mtoto.

Watoto ni watatu. Kifungua mimba ana miaka 12, yuko Gredi ya 6. Wa kati ana minane, Gredi ya 3. Kitinda mimba ana mitano na bado anaunganisha silabi. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na wajukuu humwita Kukhu kama wanavyoita nyanya kwao Mumias. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njia ya Busia na Malaba, kwa hivyo mwalimu ni mimi. Kazi yangu ni ushonaji. Meza ninayokatia vitambaa ndiyo meza ya kusomea, na Ramadhani ndio mwezi ninaopata kazi nyingi kuliko yote, maana kila mtu anataka kanzu au dera la Idd. Nasema haya ili ajuaye kwamba hana muda ajue kwamba hata mimi sina.

Ramadhani ya kwanza, mwaka 2023, nilibandika ukutani ratiba yetu ya kawaida. Hisabati ilikuwa saa nane mchana. Mkubwa wakati huo alikuwa na miaka tisa, na alikuwa amefunga siku nzima kwa hiari yake. Nikamwekea 91 gawanya kwa 7, hesabu ambayo wiki mbili nyuma angeifanya huku anaimba. Aliandika 7, akaifuta, akaandika tena. Karatasi ikatoboka pale alipokuwa anafuta. Nikapaza sauti. Chozi likadondoka palepale penye tundu. Sikuwa na neno la kusema, nikafunga daftari. Kesho yake, tukiwa tumeshaswali alfajiri na tumbo lake bado lina ugali na maziwa ya daku, nikamwekea hesabu ileile. Hakuchukua hata dakika moja. "Kumi na tatu, Mama." Mtoto ni yule yule na hesabu ni ile ile, kilichobadilika ni saa.

Kwa hiyo la kwanza kabla ya mengine yote: masomo mazito yote yaende baada ya alfajiri.

Siku yetu ilivyo

Ondoa saa ukutani kwanza, ugawe siku kwa swala. Watoto waliofunga tayari wanaishi kwa adhana, basi na masomo yafuate hapo.

Tunaamka daku saa kumi na nusu. Mimi na Kukhu tunatangulia nusu saa. Daku ya mtoto atakayesoma si chai na mkate, hivyo vitakuwa vimeisha tumboni kabla ya saa tatu. Tunapika ugali wa mtama au wa wimbi, mayai au ngege aliyebaki jana, parachichi, ndizi, maziwa ya mala. Omena siwapi daku hata wakiomba, chumvi yake itawaletea kiu kabla jua halijapanda. Maji nawapa kidogo kidogo tangu kufuturu hadi daku, kwa sababu ukimnywesha mtoto vikombe vitatu kwa mpigo dakika ya mwisho, vyote vitaishia chooni.

Siku hizi za Februari na Machi, adhana ya alfajiri hapa kwetu huwa saa kumi na moja u nusu na dakika kadhaa. Tukiswali, mkubwa na wa kati wanakaa mezani mpaka saa mbili. Mbele ya kila mmoja kuna masomo mawili tu: hisabati, halafu lugha, leo Kiswahili, kesho Kiingereza. Nataka dakika 45 za kila somo, mtoto akiwa macho na kalamu inakwenda. Ukiwa na vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, chagua mada mbili au tatu za mwezi mzima na uziweke alama kwa kipande cha uzi. Nyingine zitasubiri. Gredi ya 6 wana mtihani wa kitaifa, KPSEA, lakini unafanywa mwishoni mwa mwaka, na kwa miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, basi hakuna haja ya kumkimbiza mtoto.

Saa mbili wanalala hadi saa nne. Usiwanyime usingizi huu. Mtoto anayelala saa tatu u nusu baada ya tarawehe na kuamka saa kumi na nusu amepata saa saba peke yake, na wa umri huu anahitaji tisa au zaidi. Wao wakilala, mimi nakaa kwenye cherehani. Hizo ni saa mbili ambazo hakuna anayeniita, na robo tatu ya kanzu zangu zinashonwa hapo.

Saa nne mpaka adhuhuri ni kazi za mikono na macho: kuchora, kupima, kusikiliza, kusoma hadithi kwa sauti, sayansi ya uani. Baada ya adhuhuri hakuna kitabu. Nyinyi mnaolijua joto la Kisumu mwezi wa Februari, mabati yakiwa yameshika moto na upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, mnajua kwamba saa nane hata mtu mzima aliyekula hasomi. Wanajilaza sakafuni kwenye mkeka, Kukhu anawasimulia habari za Mumias, za Nabongo, mfalme wa Wawanga, na za wafanyabiashara wa Kiswahili waliofika huko wakitoka pwani na kuja na dini. Hilo nalo naliandika katika kumbukumbu zangu kama somo la jamii, kwa sababu ndilo.

Baada ya alasiri ni jikoni. Jioni, tukishafuturu na kuswali, ni msikiti na kitanda.

Nani afunge, na kwa kiasi gani

Saumu haimlazimu mtoto ambaye hajabaleghe. Tunamzoesha. Mzazi mwalimu anatakiwa kulishika hili kwa mikono miwili, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mtoto kutwa na ni rahisi fahari ya "mwanangu amefunga yote" ikamzidi.

Kwetu, wa miaka mitano "anafunga" hadi saa nne, kisha anapewa uji wa wimbi na ndizi, na tunamsifu kama aliyefunga mwezi. Wa kati anafunga hadi adhuhuri, na siku za Ijumaa na Jumapili akipenda anajaribu nzima. Mkubwa anafunga yote, ila tumeagana kwamba kichwa kikimgonga au akiona kizunguzungu atakuja kuniambia bila kuogopa. Mwaka jana alikuja mara mbili. Alikunywa maji, akala, akaendelea kukaa na wenzake. Sikumpigia mtu simu kumhadithia.

Mtoto akinywa maji kwa siri bafuni, na atakunywa, usimuaibishe mbele ya nduguze. Wa kati niliwahi kumkuta na kikombe cha kusukutulia, maji yanamtiririka kidevuni. Nilimwambia tu, "Ukiwa na kiu, njoo unywe mezani." Ameanza kuja mezani.

Kuna hadithi ya Rubayyi binti Muawwidh, sahaba wa kike wa Madina, anayesimulia jinsi walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Waliwatengenezea vichezeo vya sufi, na mtoto akililia chakula wanampa kichezeo mpaka wakati wa kufuturu ufike. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimekaa katikati ya vipande vya vitambaa. Tangu siku hiyo, kila Shaaban naweka kando gunia la mabaki: vitenge, satini, nyuzi za sweta zilizofumuka. Saa ngumu kabisa ya mtoto ni ile ya kati ya alasiri na magharibi, na hapo ndipo gunia linafunguliwa. Mwaka jana walishona samaki. Mkubwa alitoa mbuta mwenye urefu wa mkono wangu, kamjaza pamba ya mito, magamba amekata moja moja kwa satini ya kijivu. Ilimchukua jioni kumi na moja. Katika hizo jioni alijifunza kushona kwa mkono bila uzi kuvutana, na alipima kila gamba kwa rula bila kuambiwa. Mtaala una sanaa na ubunifu ndani yake, basi hapo hapo nimeshafundisha.

Usingizi wa saumu na usingizi wa malaria

Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo ambalo ratiba nzuri haiwezi kulisawazisha.

Mwaka 2024, Ramadhani ya pili, wa kati alikuwa na miaka sita. Asubuhi moja hakutaka kuamka saa nne. Nikajisemea saumu imemlegeza, nikamfunika leso, nikarudi kwenye kanzu iliyokuwa inasubiriwa. Saa tano nikamwita tena, akafumbua macho akayafumba. Nikasema moyoni, mwache apumzike. Ni Kukhu aliyepita, akainama, akaweka mgongo wa kiganja chake chini ya shingo ya mtoto. "Huyu hana njaa," akaniambia. "Huyu anachomeka."

Tulimkimbiza zahanati kwa boda boda, mimi nimempakata, kichwa chake begani kwangu kama jiwe la moto. Walimchoma kidole, wakaweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka, na tukakaa kwenye benchi zile dakika kumi na tano. Mistari miwili. Alipewa dawa za siku tatu, asubuhi na jioni, na wakasisitiza anywe baada ya kula kitu chenye mafuta au maziwa. Alipona. Mimi zile saa mbili za asubuhi ile sijazisahau.

Ukanda huu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya, na Ramadhani haisimamishi mbu. Kwa hiyo mama mwenzangu, weka kipimajoto karibu na msahafu. Mtoto mwenye njaa ukimwambia samaki anaruka kwenye mafuta atageuza kichwa, ukimtania atanuna au atacheka. Mwenye homa hajali lolote. Ukimgusa akiwa moto, au anatapika, au anatetemeka wakati wenzake wanalalamika joto, saumu imekwisha hapo hapo na safari ni ya kupimwa, usingoje magharibi. Usiku wa tarawehe wavike mikono mirefu na soksi, na neti ishushwe kabla hamjatoka, ili mkirudi na usingizi wote mkute imeshapangwa.

Jambo jingine, fupi lakini zito: huku magharibi kuna watoto wengi wenye ugonjwa wa seli mundu (sickle cell). Mwili ukikaukiwa maji, maumivu huamka. Mtoto wa namna hiyo asifunge hata nusu siku bila daktari wake kusema. Anaweza kuwa ndiye mwenye kazi ya kuhesabu tende za wenzake, na akaandikiwa thawabu kama wao.

Kijiti cha sentimita 30

Somo wanalolipenda kuliko yote lilianza kwa kilio cha redio. Wa kati alikuwa amekaa na tende mkononi, redio ikaadhini, akaiweka mdomoni. Mkubwa akapiga kelele, "Hiyo ni ya Nairobi!" Mdogo akaanza kulia kwa niaba ya kaka yake. Kukhu akawatuliza: "Jua la Nairobi si la hapa, wajukuu zangu. Hapa bado liko juu ya maji."

Kesho yake saa nne nikafungua ramani. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Mombasa iko karibu nyuzi 39.7 mashariki, Nairobi 36.8, Kisumu 34.8. Mkubwa akatoa, akazidisha. Nairobi wanatutangulia kufuturu kwa dakika 8. Mombasa wanatutangulia kwa dakika 20 hivi. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: kwa nini basi adhuhuri yetu inakaribia saa saba na si saa sita kamili? Nikamwonyesha kwamba saa ya Kenya imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45, ambao hata haugusi nchi yetu, unapita kule karibu na Mogadishu. Kutoka huko mpaka Kisumu ni nyuzi 10 na kidogo, na hizo ni dakika 41 tayari. Alikaa kimya akiangalia ramani. Kisha akasema, "Kumbe saa ya ukutani ni mapatano ya watu, na adhana inafuata jua." Niliandika maneno yake nyuma ya daftari langu.

Ukitaka kufanya nasi, hiki hapa kifaa: kijiti kilichonyooka, ukikate kiwe na sentimita 30 juu ya ardhi, ukisimamishe mahali penye jua kutwa nzima. Kihakikishe hakijainama kwa kuning'iniza uzi wenye kishungi cha funguo kando yake. Kuanzia saa sita na nusu, mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kivuli kitafupika, kitasimama, kitaanza kurefuka tena. Pale kinapoanza kurefuka jua limepinduka, na adhuhuri imeingia. Pima kile kivuli kifupi kabisa ukiandike. Ukichukua urefu huo na kuongeza sentimita 30, ndio urefu wa kivuli wakati alasiri inapoingia. Wa Gredi ya 3 anajumlisha, wa Gredi ya 6 anachora grafu, wa miaka mitano ndiye mwenye kazi ya kokoto, na hiyo kazi hampi mtu.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna bahati ya peke yetu. Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi. Mwanzoni kivuli chetu cha adhuhuri kilikuwa sentimita 3 na kidogo, kinaelekea kaskazini, upande wa vilima vya Riat. Kila siku kikapungua. Tarehe 20 Machi kijiti kilisimama mchana kweupe na kivuli hakipo, kimebaki kama doa mguuni pake. Watoto waliinama wakakizunguka kana kwamba kimeibwa. Siku ile alasiri iliingia kivuli kilipofika sentimita 30 kamili, na tuliposikia muadhini nilimwona wa kati anarukaruka na rula mkononi. Siku za mwisho za mwezi kivuli kikarudi, safari hii kikielekea kusini, upande wa Nyalenda. Ndipo walipoelewa kwamba jua limevuka juu ya vichwa vyetu.

Mwaka huu wa 2026 tumeingia Februari, basi kivuli cha mwanzo ni kirefu zaidi na kinafupika mpaka karibu na Idd. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa Januari, na tofauti hiyo wanaiona uani kwao.

Usiku tunafanya mwezi. Kila mtoto ana karatasi yenye duara 30, na kila siku anatia giza sehemu isiyoonekana. Wiki ya kwanza wanautafuta magharibi baada ya kufuturu. Usiku wa kumi na nne unachomoza mashariki jua likizama. Kumi la mwisho hawauoni tena jioni, inabidi watoke nje wakati wa daku, na hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kumtoa mtoto kitandani bila kumvuta.

Kurani, jiko na gorogoro

Kwa kusoma Kurani sikazi kamba. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604 katika juzuu 30, karibu kurasa 20 kwa juzuu. Mkubwa aligundua mwenyewe kwamba akisoma kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi anamaliza juzuu kwa siku. Alijaribu siku sita, akachoka, tukashuka hadi kurasa 2, na amekuwa akisoma vizuri zaidi hivyo. Wa kati yuko Juzuu Amma, sura fupi fupi. Mdogo anarudia nyuma ya Kukhu. Ustadh wao wa madrasa anawasikiliza Jumamosi, na namshukuru kwa hilo, maana tajwidi mimi sina ya kumfundisha mtu.

Jikoni kila siku kuna kipimo kimoja kinachoandikwa. Vikombe vitatu vya unga vinatoa mahamri mangapi? Tukipika nusu, sukari kiasi gani? Kugawa sambusa 26 kwa watu 6 ndiko kulikomfundisha wa kati habari ya baki, na hizo mbili zilizobaki alizipeleka mwenyewe kwa jirani. Jirani yetu huyo ni Mkatoliki. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, sisi tukiwa siku za mwanzo za saumu, basi nyumba zote mbili zilikuwa zinajizuia. Watoto wake na wangu walikaa kwenye ngazi wakaulizana: nyinyi mnaacha nini, mnaanza lini, mnamaliza na nini? Niliwaacha wazungumze wenyewe. Jioni nikawaambia wangu wakiandike kile walichokisikia, mistari kumi, kwa Kiswahili sanifu.

Mwisho wa mwezi huja zakatul fitri. Kwa kila mtu aliye nyumbani, mdogo kwa mkubwa, hutolewa pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali pale, nayo ni vibaba vinne, na wengi hapa wanakadiria kilo 2.5. Sisi ni sita: kilo 15. Lakini soko la Kibuye hawauzi kwa pishi, wanauza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Kwa hiyo nawapeleka sokoni mapema, tunanunua gorogoro moja ya mahindi na moja ya mchele, tunarudi kuzipima kwenye mizani ya jikoni. Hazilingani, na hapo pana mjadala mrefu wa kwa nini kopo lile lile likawa na uzito tofauti. Kisha mkubwa anapiga hesabu ya gorogoro ngapi zitafika kilo 15, na kila mara namfundisha kuikweza juu, asiishushe, kwa sababu ni haki ya maskini. Baba yao akiwepo, wanabeba pamoja hadi kwa wanaostahiki kabla ya swala ya Idd. Asipokuwepo tunabeba sisi. Mkubwa pia anafanya zakati ya mali kwenye karatasi: asilimia 2.5, yaani moja ya arobaini. Ukimwambia atafute moja ya arobaini ya shilingi 86,000 na akajibu 2,150, ameshajua asilimia.

Kumi la mwisho

Kuanzia usiku wa ishirini na moja napunguza. Somo moja tu baada ya alfajiri, na siku nyingine hata hilo linabaki kusoma hadithi. Watoto wanataka kukesha, wateja wananipigia simu, na mimi mwenyewe sina sauti ya kufundishia. Mzazi aliyechoka akishika kitabu siku hizo, atakayelia ni mtoto. Mkubwa anakaa nami kwenye cherehani kutia vifungo. Nampa kazi ya kuandika vipimo vya wateja: bega, kifua, urefu wa mkono, na kujumlisha mita za kitambaa. Akikosea mita tunapata hasara, na analijua hilo, basi anahakiki mara mbili.

Weka daftari moja la kumbukumbu kwa mwezi wote. Tarehe, somo, mtoto alifanya nini, alikuwa na hali gani. Mistari miwili kwa siku inatosha. Ukilisoma baada ya Idd utaona mwenyewe siku zipi zilikwenda na zipi zilikwama, na mara nyingi utakuta kabla ya siku iliyokwama kulikuwa na usiku wa kuchelewa kulala.

Siku mbili za Idd hatugusi chochote. Siku ya tatu wanaamka saa zao, wanakunywa chai asubuhi kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, na wanaiona ajabu. Naitoa ile ratiba ya Januari, ila hisabati naiacha palepale asubuhi mapema kwa wiki moja zaidi. Halafu tunafungua ukurasa wenye kipande cha uzi, tunaendelea.